Mashine Inayongoja

Kutoka Bukavu hadi Kamituga ni kilomita 180 hivi kwa Barabara ya Taifa Namba 2, lakini majira ya mvua hakuna dereva anayeipima safari hiyo kwa kilomita. Anaipima kwa siku. Mashine ya kuoshea vyombo niliyoiona Kamituga ilipita njia hiyo ikiwa imefungwa kamba juu ya lori, katikati ya magunia ya unga na makreti ya bia. Ilikuwa imetumika Ulaya miaka kadhaa, ikauzwa Bukavu, na mfanyabiashara mmoja wa dhahabu akainunua ili mkewe na binti zake wapumzike na masufuria. Siku ya kwanza ilipochomekwa, taa moja ndogo iliwaka, kisha kimya.

"Fundi, mashini ilikufa," mama mwenye nyumba alimwambia kijana aliyeitwa kuitazama. Kazi ya kijana huyo kila siku ni kutengeneza injini za kusagia mawe ya dhahabu na mota za kuvuta maji mashimoni. Mashine ya vyombo ilikuwa ya kwanza kuletwa mbele yake.

Alibonyeza kitufe, akaweka sikio mlangoni, akasikiliza kama dakika mbili. "Haiyakufa, mama," akasema. "Iko inangoja tu."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Pasi hungoja umeme, ikiupata inachemka. Redio vivyo hivyo. Mashine ya vyombo hungoja mengi zaidi: umeme wenye nguvu ya kutosha, maji yenye msukumo, mlango uliofungwa hadi ukalia, na karai lake la chini kabisa liwe kavu. Kimoja kikikosekana, hukataa kuanza, na kukataa huko si kuharibika. Imeundwa ikatae. Tatizo ni kwamba vitabu vya maelekezo vinavyokuja nayo viliandikiwa nyumba ambazo umeme na maji havina mashaka, kwa hiyo humtuma mwenye mashine akague mlango, vitufe na vyombo alivyovipanga. Kwetu mpangilio huo umepinduka. Kamituga, na Bukavu pia, ukaguzi unapaswa kuanza nje ya mashine, ukutani, kwenye waya, kwenye tangi, na kuingia ndani mwishoni. Anayeanzia ndani hununua bodi ya elektroniki asiyoihitaji, na kwa jinsi barabara yetu ilivyo, huingoja majuma.

Wala hili la mashine kushindwa kwa sababu ya nyumba si la Waafrika pekee. Josephine Cochrane, mwanamke wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani, alipata hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 akaionyesha kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Ilifanya kazi vizuri, kwa kurusha maji yenye nguvu badala ya kusugua kwa brashi, na wazo hilo ndilo linaloendesha mashine hizi hadi leo. Lakini walioinunua walikuwa hoteli na migahawa mikubwa. Nyumba za kawaida hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Miaka mingi ilipita kabla jikoni za Marekani hazijaifikia mashine ambayo tayari ilikuwapo. Nyumba ndiyo iliyochelewa.

Tuanze basi na umeme. Kongo hutumia volti 220, hezi 50, sawa na sehemu kubwa ya Ulaya, kwa hiyo mashine iliyotoka Ubelgiji au Ujerumani haina ugomvi na soketi yetu, au prizi kama tunavyosema Bukavu. Iliyotoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220, kipande kidogo kwenye bodi kiitwacho varista hujitoa mhanga katika nukta moja na fyuzi huungua, na huo ndio mwisho wa majaribio ya siku hiyo. Kibandiko cha chuma au karatasi kilicho ukingoni mwa mlango husema yote: volti, hezi, wati. Kisome kabla ya kulipa pesa, si baada ya kushusha mzigo.

Bukavu hupata umeme kutoka mto Ruzizi, kwa kituo cha Ruzizi I cha mwishoni mwa miaka ya 1950, chenye uwezo wa karibu megawati 30, na Ruzizi II cha mwaka 1989, cha karibu megawati 44, ambacho Kongo inakimiliki pamoja na Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi zaidi ya mitambo hiyo. Kuna na jambo jingine linaloniuma. Takataka za plastiki zinazotupwa katika mitaa ya Bukavu huteremshwa na mvua hadi Ziwa Kivu, ziwa huzisukuma hadi mahali Ruzizi inapoanzia, na chupa zile zile zimeziba njia za maji za mitambo hadi uzalishaji ukapungua. Chupa iliyotupwa mtaroni inaweza kabisa kuwa ndiyo sababu ya jikoni kuwa giza. Umeme ukikatika, shirika la umeme la SNEL huita delestaji, na umeme ukirudi baada ya delestaji hurudi kwa kishindo. Mashine iliyokuwa nzima asubuhi na jioni haina hata taa moja, mara nyingi imepigwa na kurudi huko: ile varista imepasuka, fyuzi iliyo karibu nayo imeungua. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na macho mazuri anaweza kubadilisha vipande hivyo viwili kwa gharama ndogo sana kuliko bodi nzima. Dawa yake ya kinga ni ya mikono tu: umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi, ngoja dakika kadhaa kabla ya kuchomeka tena.

Kamituga ina historia nyingine. Enzi za kampuni ya Kibelgiji ya madini, MGL, kisha SOMINKI tangu 1976, mito ya huku iliendesha mitambo ya umeme kwa ajili ya migodi. Leo nyumba nyingi hutegemea paneli za jua, jenereta ndogo, au waya uliovutwa kutoka jenereta ya jirani anayeuza umeme kwa mwezi. Kila njia kati ya hizi tatu ina namna yake ya kuinyima mashine ya vyombo haki yake, na mashine iliyosimama haisemi ni ipi.

Chukua ile jenereta ndogo ya aina ya Tiger ambayo kila mtu anaijua. Hutoa wati 650 hivi bila kuchoka. Mashine ya vyombo ina hita ya maji ya wati 1800 hadi 2200. Kinachowachanganya watu ni kwamba hita haiwaki mwanzoni. Mashine huwasha taa, hutoa maji ya zamani, huingiza mapya, huanza kuzungusha, na baada ya hapo ndipo hita huingia, na jenereta hukohoa na kuzima. Mwenye nyumba husema, "Inawaka halafu inakufa," naye hulaumu mashine. Inveta ya sola ya wati 1000 itafanya vivyo hivyo, ila yenyewe itapiga kelele kabla ya kujikata. Na zile inveta za bei rahisi, ambazo umeme wake hauna wimbi laini, zinaweza kuifanya bodi ishindwe kuanza kabisa.

Nyumba ile ya mfanyabiashara ilikuwa na njia ya tatu, waya wa jirani. Fundi alipotoa mita yake na kuingiza ncha zake mbili kwenye prizi, ilisoma volti 150. Ilikuwa jioni, kila nyumba imewasha taa na televisheni, na waya ulikuwa mwembamba na mrefu. Volti 150 si umeme mbaya kwa balbu ya LED. Kwa mashine ya vyombo ni dhihaka. Bodi nyingi za kisasa huweza kuwasha taa zao hata kwa umeme hafifu hivyo, na ndiyo maana taa huwadanganya watu, lakini koili ya vali ya maji huhitaji nguvu ili ifunguke, na mota huhitaji nguvu ili iondoke mahali pake. Hita ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa nguvu yake hushuka kwa mraba wa volti: kwa volti 150 inabaki chini ya nusu ya uwezo wake. Hapo ndipo mashine ilipokuwa inangojea. Mume alikuwa na jenereta kubwa ya kazini, ya kVA 5. Ilipoletwa na kuunganishwa peke yake, mashine ilinguruma siku hiyo hiyo.

Kabla sijaacha habari ya umeme, niseme neno juu ya bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa ndani ya mpini. Mafundi wengi hawana kifaa kingine, na kifaa hicho husema nusu ya ukweli. Huonyesha kama fezi ipo. Hakionyeshi kama nyutro ipo. Nyutro ikiwa imekatika au imelegea kwenye kiungo chenye kutu, kitaa kitawaka vizuri kabisa na mashine haitapata kitu. Mbaya zaidi ni nyumba iliyoungwa kwenye nyaya tatu za fezi: nyutro kuu ikikatika, vifaa vinaweza kupata volti zinazokaribia 380, na hapo jokofu, televisheni na mashine vinaungua usiku mmoja. Mita ya kupimia volti ya bei ya chini kabisa sokoni ni bora kuliko bisibisi kumi. Usipokuwa nayo, tumia taa ya mezani yenye balbu ya zamani ya waya, si ya LED, kwenye prizi ile ile: ikiwaka kwa nguvu yake yote, umeme upo, ikiwaka kwa wekundu, umepata jibu lako.

Na ukiigusa mashine ukahisi ganzi vidoleni, usiseme ni mapepo wala usizoee. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi. Kichujio cha umeme kilicho ndani ya mashine huacha umeme kidogo uvujie kwenye bati ili uende ardhini, na usipokuwa na njia hukaa pale ukimngoja mtu mwenye miguu mibichi. Jikoni ni mahali pa miguu mibichi. Chuma cha ardhi kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu na kuungwa ipasavyo kinapaswa kutangulia mashine yenyewe.

Zile dakika mbili za fundi kuweka sikio mlangoni zina elimu ndani yake, nami niliomba anifundishe. Mashine nyingi za Ulaya huanza kwa kusukuma nje maji yaliyobaki: utasikia mngurumo wa pampu ndogo, sekunde chache hadi nusu dakika. Kisha kuna mlio wa vali, na sauti ya maji yanayoingia. Kisha mzunguko, sauti nzito ya maji yanayopiga kuta. Kimya tangu mwanzo, hata taa hakuna: mashaka yako yabaki kwenye umeme, fyuzi na waya. Taa ipo lakini hakuna mngurumo wowote: mlango, kitufe, au umeme hafifu. Mngurumo wa pampu ndogo usiokoma: kuna maji mahali yasipotakiwa. Pampu ikinyamaza na vali ikalia bila sauti ya maji: tatizo liko bombani. Mota kubwa ikivuma bila kuzunguka: pampu imekwama au kapasita yake imechoka, na mashine iliyokaa stoo miezi mingi ikakauka mihuri yake hufanya hivyo sana. Kumwaga maji ya vuguvugu kidogo ndani na kuyaacha usiku mmoja kumewahi kuokoa mota nyingi.

Fundi yule hakusoma haya shuleni. Aliyachukua kwenye injini. Injini ya petroli isiyowaka huulizwa mambo matatu, mafuta, cheche na kompresheni, na huulizwa kwa mpangilio, kuanzia kile kilicho rahisi kukiona. Kamituga imezalisha mafundi wengi wa namna hii kwa sababu ya dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliingia mashine za kusagia mawe, na kabla yake mawe yale yalitwangwa kwa mikono na wanawake, kwa chuma na kinu, kutwa nzima kwenye vumbi. Wanaitwa mama twangaises, neno lenye kitenzi chetu cha kutwanga na mkia wa Kifaransa. Mashine ziliwaondolea wengi wao kazi, na fedha iliyokuwa ikilisha watoto ikahamia kwa mwenye injini. Nataja hilo kwa sababu Kamituga ukisema mashine imekuja kumpumzisha mwanamke, kuna wanawake watakaokutazama kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Mama wa nyumba ile alikuwa mmoja wao. Mama yake mzazi aliyatwanga mawe yale.

Turudi jikoni. Kwa jenereta kubwa mashine ilinguruma, ikatoa maji ya zamani, vali ikalia, na baada ya dakika chache ikasimama tena, safari hii na alama ya bomba ikimeta kwenye kioo chake. Ilikuwa imefika kwenye kungoja kwa pili.

Maji ya nyumba ile hutoka kwenye tangi la plastiki lililowekwa juu ya jukwaa la mbao nje ya jikoni. Kutoka usawa wa maji hadi mahali mpira wa mashine unapoungwa palikuwa na mita mbili hivi. Hapa hesabu ni rahisi na haina huruma: kila mita kumi za kimo hutoa presha ya bari moja, basi mita mbili ni bari 0.2. Mashine nyingi za Ulaya hudai angalau bari 0.5, chache hukubali 0.3. Zina gurudumu dogo au kihisi kinachohesabu maji yanayoingia, na muda ukipita kabla kiasi hakijatimia, huacha. Bomba lilikuwa wazi, maji yalikuwapo, na ukifungua koki ndoo ilijaa bila shida. Lakini mashine haikuwa inauliza kama maji yapo. Ilikuwa inauliza yanakuja kwa nguvu gani, na jibu la jukwaa lile lilikuwa pungufu. Mita tano za kimo ndizo zinazotosheleza kwa shida, sita ni bora. Jukwaa likabidi lijengwe upya.

Kuna na matope. Maji ya maeneo ya machimbo hubeba udongo mwingi, hasa baada ya mvua, na mpira wa mashine una kichujio cha wavu mwembamba mahali unapoungana na koki. Kichujio hicho ni kidogo kama kifuniko cha chupa, na kinaweza kuziba kwa juma moja. Kikiziba, presha nzuri ya tangi haifiki popote. Kuking'oa kwa koleo na kukisugua kwa mswaki wa zamani ni kazi ya dakika tatu, nami ningeifanya kabla ya kumpigia fundi yeyote simu. Tahadhari moja: mipira mingine ina kisanduku kizito cha plastiki upande wa koki. Ndani yake kuna vali ya umeme ya kuzuia mafuriko na nyaya hupita ndani ya mpira wenyewe. Huo haukatwi ili kuufupisha, wala hautumbukizwi kwenye ndoo.

Mlango nautaja kwa kifupi, ingawa vitabu hupenda kuuanza. Safari ya lori hupinda bawaba. Mlango utaonekana umefungwa, lakini ulimi wake haujasukuma ile swichi ndogo iliyo ndani ya komeo, na bila swichi hiyo hakuna kinachoanza. Sikiliza "tik". Usipoisikia, tazama kama kuna mpini wa sufuria unaosukuma kutoka ndani, kama mashine imesimama wima sakafuni, kama komeo lina uchafu. Vitufe navyo vina mitego miwili: saa ya kuchelewesha, ambayo mtoto akiibonyeza mashine itangoja saa kadhaa kwa utiifu kamili, na kufuli ya watoto. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi hukumbuka mahali zilipofikia na kukataa programu mpya. Kubonyeza na kushikilia kitufe cha kuanza kwa sekunde tatu hivi huzifuta kumbukumbu nyingi za namna hiyo.

Kungoja kwa tatu ndiko kulikokaribia kuifanya mashine ile iwe kabati.

Jukwaa lilipanda, maji yakaingia, mashine ikaosha. Ikaosha juma zima. Kisha unga wa mashine ulioletwa pamoja nayo ukaisha, na binti wa kwanza, akiwa na nia njema kabisa, akatia unga wa kufulia nguo. Sabuni ya mashine ya vyombo imeundwa isitoe povu. Ya nguo imeundwa ili itoe. Maji yanaporushwa kwa nguvu ndani ya sanduku lililofungwa, povu huongezeka hadi hupenya kwenye kingo za mlango na kila tundu lingine, na sehemu yake hudondoka ndani, kwenye karai la bati lililo chini ya mashine. Katika karai hilo kuna kielea chepesi kama kipande cha boya la mvuvi. Maji yakijaa, kielea hupanda, hubana swichi, na mashine huamini kuwa inavuja. Kuanzia hapo haitaanza kazi yoyote. Nyingine hunyamaza tu, nyingine huendesha pampu ndogo mfululizo, zikijaribu kuyatoa maji ambayo pampu hiyo haiyafikii.

Mtu ataukagua umeme, upo. Ataukagua mlango, unalia tik. Maji, yapo. Sakafu ya jikoni imekauka zamani. Karai liko ndani, halionekani, na unyevu wa Kamituga haulikaushi upesi. Hapo ndipo fundi asiye na subira husema "bodi imeungua," kwa kuwa bodi ni kitu ambacho hakuna awezaye kumbishia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika habari hii nzima. Bodi huungua, ndiyo. Mende hujenga ndani yake, panya hukata nyaya zake, na kutu hula miguu ya viunganishi. Lakini bodi huhukumiwa baada ya mashahidi wengine wote kusikilizwa, na ushahidi wake ni wa macho: weusi, kipande kilichopasuka, harufu. Bodi safi ya mashine inayowasha taa bado ina haki ya kutetewa.

Fundi mwingine aliyekuwa amepita kabla ya kijana wetu kurudi alikuwa na pendekezo la haraka: kuunganisha nyaya mbili za swichi ya kielea ili mashine iamini karai ni kavu. Naomba yeyote anayesoma hapa asikubali. Kielea kile ndicho kinachotenganisha maji na umeme katika sanduku lisilo na waya wa ardhi, katika jikoni ambamo watoto hutembea bila viatu. Ni vivyo hivyo kwa swichi ya mlango, ambayo ikirukwa, maji ya nyuzi 60 au 70 yatarushwa usoni mwa atakayefungua. Mashine isiyowaka imekunyima vyombo safi, basi. Iliyolazimishwa kuwaka inaweza kumwua mtu.

Kijana alipokuja alichomoa waya kwanza, akangoja, kwa kuwa kapasita za bodi huweza kubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda baada ya kuchomoa. Akafunga koki, akaondoa mpira, kisha akamwita mume na jirani, wakaiinamisha mashine taratibu kwa nyuma. Maji meupe yenye povu yakatoka chini, kiasi cha lita moja au mbili. Alifungua bati la chini, akalipangusa karai kwa kitambaa, akakigusa kielea kwa kidole kuona kama kinashuka vizuri. Kilishuka. Alipokuwa hapo chini alifungua na chujio la ndani na kutoa mabaki ya bugali yaliyokauka kama gundi, nyuzi za sombe na mfupa mdogo wa samaki uliokuwa umeingia karibu kabisa na pangaboi la pampu. Akawaambia mabinti: sahani zikwanguliwe kwanza, chujio lioshwe kila siku mbili, na sabuni ya nguo isikaribie hapa. Mashine iliachwa wazi kwenye upepo hadi kesho yake. Ilipochomekwa, pampu ndogo ilinguruma sekunde chache, ikanyamaza, na maji yakaanza kuingia.

Nilikaa na mama barazani tukiisikiliza. Nilikuwa nimesoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapima watu wa nchi kadhaa za Ulaya wakiosha kwa mikono vyombo vya mlo wa watu 12, na wastani wao ukafika karibu lita 100, huku mashine ya kisasa ikitumia lita kumi hivi. Nilimweleza. Alinitazama, akauliza ni nani huyo anayemwaga lita mia kuosha sahani. Yeye na binti zake huosha kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na bidoni moja ya lita 20 hubakiza.

Kisha alinionyesha jukwaa jipya kwa kidole. Lina mita sita. Mota ya kupandisha maji haijanunuliwa bado, hivyo maji hupanda kwa ngazi, bidoni kwa bidoni, na anayepanda ni binti wa pili, wa miaka kumi na mitatu. Mashine ikifanya kazi mara mbili kwa siku, hupanda zaidi. Mume ameahidi mota mwezi ujao. Fundi ameshapima kimo, na ameandika kwenye karatasi nguvu ya mota itakayohitajika na jinsi itakavyogawana jenereta na hita bila kuizima.